Pikapu Yangu Isiyo na Madoido

Jumapili jioni, Oktoba, Manassas

Leo kumepoa. Asubuhi nimekwenda kanisani na sweta, mchana nimelivua, sasa nimelivaa tena. Mgongo unaniuma, viganja vinanuka mafuta ya mbuzi hata baada ya kunawa kwa ndimu, na nina furaha ya kijinga ambayo nikiwasimulia watu watanicheka. Basi naiandika hapa.

Najivunia gari. Ndiyo, gari.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: siku za kazi mimi ni mhudumu wa wazee, na wikiendi nakodisha viti, meza na mahema kwa sherehe za Watanzania wa huku, Virginia na Maryland. Pia nachoma ndafu, yule mbuzi mzima wetu sisi Wachaga, anayeingizwa ukumbini amepiga magoti, kichwa juu, majani mdomoni, huku watu wanacheza na kumshangilia. Mwezi uliopita nilinunua pikapu mpya kwa ajili ya shughuli hizo. Ni pikapu kubwa, zile kubwa kweli, lakini ya daraja la chini kabisa. Viti vya plastiki, sakafu ya mpira, rimu za chuma kavu. Mbele kuna kiti kimoja kirefu cha watu watatu, na nyuma ya hicho hakuna kiti kingine. Kuna bodi tu, refu na tupu.

Bei yake siitaji. Niseme tu kwamba kwa hela ile Moshi ningejenga nyumba nzuri na kuizungushia ukuta. Mtu analipa hela ya nyumba halafu anapewa gari lisilo na hata zulia! Hapo ndipo watu waliponishika.

Wa kwanza kunishika alikuwa shemeji Deo, kaka mkubwa wa mume wangu. Deo ana pikapu ya kampuni ileile, ya daraja la juu kabisa. Ngozi kila mahali, skrini kubwa kuliko televisheni tuliyokuwa nayo nyumbani nikiwa mdogo, viti vinavyokupasha joto makalio, na nyuma bodi fupi lililotandikwa zulia na kufunikwa kwa mfuniko mgumu unaofunguka kwa umeme. Alipoiona yangu alizunguka mara moja, akachungulia ndani, akasikitika kabisa.

"Shem, hii ni ya mafundi bomba. Umenunua base model? Hata heated seats hakuna?"

Deo si mtu mbaya, ila ana ugonjwa wa kutengeneza maisha ya wenzake. Wiki hiyohiyo akazungumza na muuzaji anayemfahamu, wakakubaliana kwamba naweza kuirudisha yangu na kuchukua yenye ngozi na viti vya nyuma, nikiongeza kidogo kila mwezi. Jibu linatakiwa kesho, Jumatatu. Mume wangu, Baba Glory, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tusubiri hii send-off ya Landover, sherehe ya kumuaga bi harusi mmoja kule Maryland, ipite, kisha tuamue. Lakini namjua. Alikuwa ameshaanza kuegesha mbali na mlango wa kanisa.

Binti yetu Glory naye, akiwa na umri ambao kila kitu cha mama ni aibu, alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake kwamba gari ni sawa, ila nisimfuate nalo shuleni.

Sasa niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilianza kuyumba. Nilikuwa nikikaa kwenye maegesho, kabla ya kuingia kwa bibi ninayemhudumia, najiuliza kama nimenunua pikapu au nimenunua ubishi wangu. Maana kuna hoja ya upande wa pili, tena nzito. Daraja la chini la leo linauzwa kwa bei ambayo zamani ilikuwa ya watu wazito. Ningeweza kuendelea kukodi lile gari la kuhamishia vyombo kila Jumamosi, nikalirudisha Jumapili likinuka pilau na kugombana na yule kijana wa kaunta. Ningeweza kununua iliyotumika. Na hiyo tofauti ya kila mwezi aliyoisema Deo haikuwa ya kutisha. Ukishazama hadi shingoni, unaona maji ya kufika kidevuni si kitu.

Lakini kila nilipokaribia kusema sawa, moyo ulikataa. Sikujua kwa nini. Jana nimejua.

Kamati ya send-off ilikuwa imepanga kila kitu, na kamati zetu mnazijua: mwenyekiti, katibu, mhazini, vikao vya simu, na kundi la WhatsApp linalolia mchana kutwa. Kwenye mpangilio wa magari waliandika kwamba ndafu atabebwa na gari la Deo, kwa sababu linapendeza kwenye video. Langu likaandikiwa viti. Nilisoma mara mbili. Mchomaji wa ndafu ni mimi, na mwenye pikapu ni mimi, lakini mbuzi wangu akapewa dereva mwingine kwa sababu ya rimu!

Nilimchoma hapa nyuma ya nyumba kuanzia alfajiri, kwenye pipa nililokatisha katikati. Yule bwana wa machinjio alikuwa ameniuliza anikatie vipande vikubwa au vidogo, nikamwambia asimguse, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Ndafu ana kazi yake. Shingo unaifunga kwa waya ili kichwa kisianguke, miguu unaikunja chini, unageuza taratibu mpaka ngozi ya juu inakuwa ya kahawia na kung'aa. Kufika mchana alikuwa amekaa juu ya ubao wake, hoho nyekundu na karoti shingoni, majani mdomoni, anatazama mbele kama mwenye nyumba. Shangazi wa bi harusi alikuja kumkagua, maana yeye ndiye angemwingiza ukumbini. Alimzunguka, akapiga kigelegele peke yake pale uani. Jirani yangu Mmarekani alitoka kutazama kuna nini.

Akaja Deo, suti ya bluu, gari limeoshwa. Akabonyeza kitufe, mfuniko ukajikunja, ukafika mwisho wake na kusimama. Wanaume wanne waliokuja kusaidia wakamwinua ndafu na ubao wake. Akaingia. Deo akabonyeza afunge.

Mfuniko ukarudi, ukafika kwenye pua ya mbuzi, ukakataa.

Deo akabonyeza tena. Ukakataa tena. Akasema basi twende wazi. Shangazi akauliza, vumbi la barabarani je? Tukasema tutamzungushia nailoni. Ndipo mafuta ya kwanza yakadondoka kwenye lile zulia la bodi, na nikaona uso wa shemeji yangu ukibadilika. Sijawahi kumwona mtu anapendana na zulia namna ile.

"Tumlaze tu," akasema. "Tukifika tunamsimamisha. Nobody will know."

Shangazi aliweka mkono kiunoni. Huyu mama ametoka Marangu wiki mbili zilizopita kwa ajili ya send-off hii, bado anaamka saa nane usiku kwa kufuata saa za nyumbani, na hana muda wa kubembeleza mtu.

"Alazwe? Kwani ni mgonjwa? Ukimlaza shingo inakatika. Mtoto wetu anaagwa na mbuzi asiye na shingo, wakwe wanatazama? Mimi humo siingii."

Watu wote wakatazama chini, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakatazama pikapu yangu.

Nilijikaza nisicheke. Nilishusha viti vyangu vyote, nikawaambia wamweke ndafu katikati ya bodi, kifua mbele. Kisha nikavirudisha viti vikiwa vimekunjwa, nikavipanga kulia na kushoto kwake mpaka vikawa kuta mbili, nikakaza kamba kwenye zile pete za pembeni, nikamzungushia nailoni safi. Mafuta yakidondoka yadondoke. Bodi ni chuma, unapitisha maji yanatoka. Nilimtikisa ndafu kwa mkono, hakutingishika.

Tukapanda. Mimi kwenye usukani, Shangazi dirishani, na Baba Glory katikati, mwanaume wa miraba minne na suti yake, magoti yamegusa dashibodi, sufuria ya mchuzi katikati ya miguu. Glory hakupata nafasi. Alipanda kwa baba yake mkubwa, kwenye viti vya moto, na sitasema uongo, aliponipungia mkono kutoka kule nyuma nilijisikia vibaya. Gari nililonunua kwa hela ya familia haliwezi kubeba familia. Hoja hiyo Deo ameniambia mara nyingi, na hapo yuko sahihi.

Basi tukaingia Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington. Mnajua Jumamosi ilivyo. Tulipofika penye foleni, magari ya pembeni yakaanza kupunguza mwendo, simu zikatoka madirishani, watoto wakabandika nyuso kwenye vioo. Bwana mmoja alipiga honi, akanyoosha kidole, akatuuliza kwa ishara kama yule ni mbuzi kweli. Shangazi akateremsha kioo na kumpigia kigelegele. Baba Glory, ambaye mwezi mzima alikuwa akiegesha mbali na mlango wa kanisa, akaanza kugeuka nyuma kila baada ya dakika.

"Yupo?" namuuliza.

"Yupo. Amekaa vizuri. Pole pole na breki, mama."

Baadaye nikaona ametoa simu yake na yeye, anampiga picha kupitia kioo cha nyuma. Niliangalia barabara, roho ikiwa nyeupe.

Tulipofika Landover watu walikuwa wametoka nje ya ukumbi. Mpangilio wa video ulikuwa ndafu ashushwe kutoka kwenye gari la Deo, na kijana wa kamera hakuwa ameambiwa mabadiliko, kwa hiyo akaanza kumkimbilia Deo. Ikabidi Shangazi amwite kwa sauti. Nikafungua mlango wa nyuma wa bodi. Alikuwa vilevile. Kichwa juu, shingo imesimama, hata karoti moja haikudondoka. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika mpaka kwenye ule uwanja mkubwa wa mpira. Shangazi alimwingiza ukumbini akicheza, na bi harusi alipomwona alianza kulia. Baba yake, mzee wa watu, alikuja kunishika mikono yote miwili na kuniambia, "Aika, mwanangu. Ahsante. Nilijua huku tutaletewa nyama kwenye trei."

Na mimi nikalia kidogo. Nilisingizia moshi wa asubuhi.

Sasa, je, pikapu ya daraja la chini ina thamani ya bei yake? Nimelifikiria hilo leo kutwa, hata mchungaji alipokuwa akihubiri, Mungu anisamehe. Jibu langu la kweli ni hapana. Hakuna pikapu yenye thamani ya bei zinazotajwa siku hizi, iwe ya ngozi au ya plastiki. Wanatubana wote. Deo naye anabanwa, tofauti ni kwamba yeye anabanwa huku makalio yana joto. Lakini mimi kila nilicholipia kilifanya kazi jana: bodi refu, chuma kitupu, pete za kamba. Sina kitu hata kimoja kwenye gari lile ninachoogopa kukichafua. Nililichagua mwenyewe, kwa sababu naijua kazi yangu, na mwezi mzima nimeacha watu waniambie kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Hilo ndilo moyo wangu ulikuwa unalikataa.

Niliporudi kutoka kanisani leo nilimpigia Deo mwenyewe. Nilimshukuru kwa kuhangaika, nikamwomba amwambie muuzaji kwamba sirudishi. Hakubadilika hata kidogo. Alisema, "Sawa shem, lakini baridi ya Januari utanikumbuka." Huenda nitamkumbuka kweli. Nitavaa suruali mbili.

Halafu nikatoka kuosha bodi. Baba Glory akanifuata, akachukua mpira wa maji mkononi mwangu bila kuulizwa, akaanza kusukuma mafuta yatoke. Aliniambia kwamba kanisani watu watatu wamemuuliza habari za yule mama wa ndafu, wana sherehe Desemba, wanataka namba. Akasema tatizo ni kwamba milango ni myeupe, haina hata neno moja, mtu anajuaje amwite nani? Yuko fundi wa maandishi ya magari huku kwetu, kesho anaweza kutupokea. Akaniuliza aandike nini, labda Mama Glory?

Nilifikiri kidogo. Miaka yote niliyoishi nchi hii nimekuwa mke wa fulani, mama wa fulani, dada wa zamu kwa bibi fulani. Ni majina mazuri na nayapenda yote.

"Hapana," nikamwambia. "Aandike Aikande."

Alizima maji. Nadhani ana miaka hajanisikia nikilitaja jina langu mwenyewe. Kisha akaniuliza kama herufi ziwe kubwa au ndogo.

Nimemwambia kubwa, tena milango yote miwili. Fundi amesema yakishabandikwa hayabanduki bila kuharibu rangi, na hakuna muuzaji atakayelitaka tena gari hilo. Tunakwenda kesho asubuhi, na nitaendesha mimi.