Mfereji wa Chaka

Wajina wangu Nyaguthii,

Mimi mzima, ni magoti tu yanalia. Babako anakusalimu. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Haya ninamtamkia jirani yetu Wanja aandike, maana kalamu siijui.

Uliniuliza kwa simu kama sisi tuko na neno kama lile la Kizungu la darasani, ati maana yake ya mwanzo ni tawi la mti, na siku hizi ni mambo yote yanayozaliwa na jambo moja. Neno sina. Niko na mfereji.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Chaka. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja, kila shamba na siku yake. Siku isiyo yangu nikachimba kamkondo hadi kwa kabeji zangu. Rafiki yangu Muthoni, wa shamba la chini, akaja: "Maji yangu yameenda wapi?"

"Uliza fuko, ndiye anayechimba," nikamwambia. Tukacheka.

Maharagwe yake yakakauka. Mumewe akamhamisha yeye na watoto hadi Doldol, kuchunga ng'ombe wa watu, na huko wakazika mtoto. Mengine siwezi kuyatamka.

Niliposikia, nilichukua jembe nikazibe mkondo wangu. Nikakuta majirani watatu wamechimba mikondo yao kutoka kwa wangu. "Ukiziba, tutakula nini?" Nikarudi nyumbani.

Mwalimu wako ameeleza vizuri, lakini tawi la mti hukatwa. Tawi langu lilikuwa linalisha watoto wa watu.

Muthoni alikufa bila kuniuliza tena. Sasa umenijua. Kula ushibe, mama, na usiache kunipigia.

Nyanya yako