Gauni Lililofukizwa Udi

Jumamosi, Lewisham

Kwa sheria ya duka ni halali, nadhani. Tunapokea nguo yoyote inayorudishwa ndani ya mwezi mmoja, bila maswali, mradi ina lebo. Leo shangazi, ninayeishi kwake, aliniletea kwenye kaunta gauni alilovaa harusini jana.

"Lebo hiyo, mwanangu. Sijaikata."

Lakini alikuwa amelifukiza udi, na kaunta nzima ikanukia. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio. Nikamrudishia pesa.

Meneja akalinusa gauni, kisha akaninusa mimi.

"Manukato yako yameliingia," akasema. "Jumatatu usije nayo."

Nikaomba radhi.

Niliporudi nilifua shati la kazi. Shangazi amelikausha, amelipiga pasi na, kwa shukrani, amelifukiza.