Mji wa Mimba wa Satini

Jumatatu, 4 Machi
Tangu nikalie cherehani sijapata kazi kama hii! Mwalimu wa chuo cha wakunga kaingia dukani, nikadhani kaleta sare. Wapi! Katandaza mchoro juu ya meza ya kukatia. Anataka nimshonee mji wa mimba — na mirija yake, na ovari zake, na shingo yake. Mkubwa, darasa zima lione. Mfano wao wa plastiki umepasuka. Mteja niliyekuwa nampima kiuno alikodolea dari macho. Mimi nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Sasa ndiyo nafikiri!

Jumatano, 6 Machi
Satini ya waridi nje, pamba katikati, ndani bitana nyekundu ya kubandua. Mwalimu kasisitiza hiyo bitana: kila mwezi mwili unaitandika upya, mimba isipotunga unaibandua — ndiyo hedhi. Miaka yote hii naumwa tumbo, sijui kumbe ni bitana!
Mume wangu karudi kutoka kibanda chake cha kunyolea, kakuta kitu kimelala kwenye kochi. "Hilo ni pea?" Nikamwambia ni kizazi. Karuka kama kakalia sindano.
Cha kweli hakizidi ngumi. Changu kama mto wa kulalia.
Nilipofika mrija wa kulia mkono ukasita. Mimi sina wa kulia. Mwaka juzi mimba ilitunga humo badala ya kwenye mfuko, ukapasuka, nusura niage dunia. Wakaukata. Tangu hapo Mama mkwe akiongea na mashoga zake, mimi ni "yule nusu." Kuta zetu nyembamba.
Na mimi nikajiwekea hesabu yangu: mwezi wa yai la kushoto, labda. Mwezi wa yai la kulia, bure.

Ijumaa, 8 Machi
Siwezi kutulia! Lazima niandike.
Mwalimu kaja kukagua. Mirija nilikuwa nimeishonea kwenye ovari, imara, kama mkono wa shati begani. Kacheka mpaka kashika meza. Fumua, fundi, havijaungana! Mrija una vidole mwishoni, vinapapasa, yai likichomoka vinalidaka.
Nikauliza — eti kwa ajili ya jirani — je, mtu mwenye mrija mmoja? Kaniangalia. Hakuniuliza jirani yupi. Kanieleza polepole: ovari ya kulia ikiachia yai, mrija wa kushoto huweza kujisogeza nyuma ya kizazi ukalidaka. Si kila mara. Lakini hutokea.
Hutokea!
Alipoondoka nikaushika mrija wa satini wa kushoto, nikaupitisha kwa nyuma. Unafika! Nililia, nikasogea mbali — satini haifichi doa.
Nikamwambia mume wangu. Kahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ile miezi ya kulia tuliyokuwa tunalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule — tulijinyima bure?"
Tulicheka mpaka Mama mkwe kagonga ukuta.

Jumanne, 12 Machi
Kazi imekwisha. Vidole nimeweka vya lesi. Vinapendeza!
Mama kaja dukani, eti kufuata uzi. Kaugeuza kizazi huku na huku. Kaingiza kidole kwenye shingo. "Wanangu wote wamepita hapa?" Nikamwambia wote, hata huyo wangu mwenye kichwa kikubwa. Kacheka! Nikamwonyesha na ule mrija unavyozunguka nyuma.
Hakucheka tena. Kaurudisha mezani taratibu, kama mtoto mchanga.
"Mimi nimesema maneno, mwanangu."
Kaondoka bila uzi.

Alhamisi, 25 Aprili
Mistari miwili.
Miwili!!
Nimepima mara mbili chooni. Mume wangu kamnyoa mteja upande mmoja, kamwacha kitini, kaja mbio na mkasi mkononi.
Nimempigia Mwalimu. Hakupiga vigelegele. Kasema: iliyowahi kutunga nje inaweza kutunga nje tena. Usisubiri maumivu. Kesho altrasaundi.
Na furaha, na hofu. Vyote pamoja, vinasukumana mlangoni.

Ijumaa, 26 Aprili
Naandikia kwenye benchi la hospitali. Mwandiko umenikimbia.
Mama kajileta mwenyewe. Hakuna aliyemwalika. Kavaa viatu vyake vya harusini.
Nimekunywa maji kujaza kibofu, mpaka natembea kwa adabu. Nikalala, mpiga altrasaundi kanipaka kitu baridi. Kasema kizazi hiki hapa — ningekijua popote! Kisha kasogeza upande wa kushoto. Karudi katikati. Kasogea karibu na skrini. Kulikuwa na kitone cheusi, kidogo kama kifungo cha nguo ya kichanga. Mimi nilikiona ndani, kwenye bitana. Au macho yangu yanajitakia?
Nikamuuliza. Kasema hawezi kusema kwa picha ya juu juu. Nikapunguze maji, nirudi, atazame kwa ndani.
Nimerudi. Mume wangu ananiuliza nimeona nini, namwambia subiri. Mama kanishika kiganja, chake kina jasho kuliko changu.
Mlango umefunguliwa. Nesi anasema safari hii naruhusiwa mtu mmoja wa kuingia naye. Mume wangu kasimama.
Mama naye kasimama — wote wawili wananitazama mimi nichague.