Mama Adhel Agombee, Asigombee?

Jumanne, 3 Novemba 2009

Leo saluni ilijaa siasa kuliko nywele. Mama Adhel alikuja kufumua rasta. Mbunge mzima, lakini anashuka kwa boda boda kama mimi, vumbi mpaka kwenye nyusi! Dakika tano tu, nusu ya mtaa wetu wa Hai Amarat, hapa Juba, iko mlangoni ikimsalimia. Abdiqafar wa duka la jirani, mtu wa Garissa, aliacha wateja wake aje kumwambia agombee uenyekiti wa chama. Wajumbe wanachagua mwisho wa mwezi huu. Uchaguzi wa nchi ni Aprili.

Nikauliza: na Mzee Koang, mwenyekiti wa sasa?

Abdiqafar akasema mzee alisinzia jukwaani, sokoni Konyo Konyo, katikati ya hotuba. Hotuba yake mwenyewe!

Tulicheka wote. Mama Adhel hakucheka.

Alhamisi, 5 Novemba

Aibu! Aibu tupu!

Nilimwosha nywele, nikamweka chini ya draya. Ile mashine inanguruma kama lori. Mtu akiwa mle haisikii sauti yake, kwa hiyo anapiga kelele akidhani ananong'ona. Mama Adhel alitaka kuninong'oneza siri.

"ROSE! FOMU NIMECHUKUA! IKO KWA MKOBA! LAKINI MZEE NITAMWAMBIA NINI?"

Na nani amesimama mlangoni? Mama Achol. Mke wa Mzee Koang. Amekuja kupakwa rangi ya kucha.

Nikamkonyeza Mama Adhel. Nikatikisa kichwa. Nikapunga kitana. Akadhani nauliza joto.

"MOTO IKO SAWA! SASA SIKIA — MZEE AMECHOKA, ROSE! HATA YEYE ANAJUA!"

Nikazima draya. Wakaangaliana. Mama Adhel akasema salaam aleek kwa sauti ndogo sana. Mama Achol akajibu vizuri tu, akakaa, akanipa mkono, akataka nyekundu. Mkono wake ulitulia. Mimi nilimpaka rangi mpaka kwenye kiungo cha kidole.

Ijumaa, 6 Novemba

Juba yote inajua. Hata mwenye boda boda aliniuliza. Nikasema mimi ni msusi tu. Akacheka mpaka akapita kona yangu.

Jumapili, 8 Novemba

Baada ya kanisa Mama Adhel aliniita kwake, chai. Nilienda nikijua nafukuzwa ususi. Wapi! Alinikumbatia, akasema mdomo ulikuwa wake, si wangu.

Kisha akanieleza habari za Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya. Alikuwa na miaka kumi na minne, babake ameshakubali mahari. Mzee Koang, mwalimu wake wa hesabu, alikwenda kwa yule baba mara tatu, kwa miguu, jua la Turkana. Mara ya kwanza alitukanwa. Mara ya pili alifukuzwa kwa fimbo. Mara ya tatu alikaa nje ya boma siku nzima bila kusema neno, mpaka baba akaona aibu. Binti akabaki shule.

"Sasa mimi nichukue kiti chake?"

Nikamwambia, usipokichukua wewe, atakichukua mtu asiyemheshimu. Akasema, na nikikaa kwenye vikao toka asubuhi, nani atakwenda sokoni kusikiliza watu? Nikala andazi.

Halafu akasema polepole: "Mimi naitaka, Rose. Sana. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Nikala andazi la pili.

Kuna jambo lingine. Fomu inataka sahihi ya mwanzilishi mmoja wa chama. Walikuwa watatu. Wa kwanza alikufa vitani. Wa pili yuko Malakal, mgonjwa, simu haishiki. Wa tatu ni Mzee Koang mwenyewe! Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Safari hii naye alicheka. Kisha akafuta macho, na sikujua kama ni kicheko.

Jumatatu, 9 Novemba

Saa kumi na robo. Naandika hapa saluni, kwa sababu mikono imekosa kazi.

Fomu zinafungwa saa kumi na moja. Mama Adhel alikuja saa nane tuanze kusuka. Alisema kalas, basi, hagombei, nimsukie tu za kuendea kazini. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto — upande wa kulia umesimama kama moshi — gari likasimama nje. Mzee Koang. Suti, kofia, fimbo. Hajawahi kuingia humu!

Akasalimia kila mtu kwa mkono, hata mteja mwenye povu kichwani. Akamwambia Mama Adhel: "Binti yangu, nasikia unanong'ona vizuri sana."

Tulikufa kwa kicheko! Mzee hakucheka.

Akatoa bahasha. Kila uchaguzi Mama Adhel ndiye humpendekeza. Sahihi yake iko kwenye fomu zote za mzee. Mzee akasema amekuja na fomu ya mwaka huu. Mama Adhel akasema hata yeye ana karatasi. Akaitoa mkobani. Wakatoka nyuma, kwenye viti vya plastiki. Yeye na nusu kichwa chake!

Nawaona kupitia dirisha. Karatasi mbili ziko juu ya magoti ya mzee. Anasoma. Amevaa miwani, amevua, amevaa tena. Mama Adhel anaangalia chini kama mtoto wa shule. Abdiqafar ananiuliza mlangoni kuna nini. Namwambia nyamaza!

Saa kumi na nusu. Mzee amekunja karatasi moja, ameitia mfukoni. Ipi, yake au ya Mama Adhel? Kutoka hapa zinafanana!

Anageuka. Ananiita mimi. "Binti! Kalamu!"

Kalamu pekee humu ndani ni hii ninayoandi—