Hisa za Marehemu Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo.

Kiwandani hali imechafuka. Jana walikuja wakaguzi wawili wa soko la hisa, wakaomba daftari la wenye hisa na kumbukumbu za vikao vya bodi, zile ninazoziandika mimi. Mkurugenzi wetu, anayecheka hata msibani, hakucheka.

Unajua hisa za kiwanda hiki cha misumari zilivyodharauliwa. Bei ya zote haikufikia hata thamani ya kiwanja tulichojengea. Basi miezi mitatu iliyopita kampuni kubwa ilitaka kutununua kwa bei mara nne ya hiyo. Kikaoni tuliambiwa tufunge midomo, na kwamba anayeijua habari hiyo asinunue hata hisa moja mpaka itangazwe. Wiki hii imetangazwa, na wakaguzi wanamtafuta aliyenunua kabla ya tangazo.

Uliponiuliza ufanye nini na hisa alizopewa marehemu shemeji alipostaafu, mashine ikiwa imeshamla vidole viwili, nilikujibu uziuze, ni karatasi tu. Nikasema hata mnunuzi nitakutafutia. Ukanishukuru, ukaniombea dua. Barua yako ya kuuliza nilikuwa nayo mfukoni siku ile natoka kikaoni.

Dada, mnunuzi ni mimi. Nilitumia jina la wifi yako. Alitia sahihi akidhani ni fomu za bima. Nilijiambia nitakupa fungu lako baadaye. Uongo mtupu, nilishaanza kuulizia bei za magari.

Barua ya kwanza niliyokuandikia leo ilikuomba useme uliuza kwa akili yako mwenyewe. Nimeichana, naona aibu hata kukusimulia. Hisa zimezuiwa, na sijui kama utarudishiwa. Wakaguzi watafika kwako Jumatatu. Wakikuuliza nani alikushauri, nitaje. Waonyeshe na ile barua niliyokujibu uziuze, najua huwa hutupi barua zangu. Wifi yako tu mtetee, hana kosa.

Wasalimie watoto, kama bado utapenda waniite mjomba.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda