Mawe Nyuma ya Bega la Mihayo

Runzewe,
Jumapili asubuhi.

Kwako dada yangu mpenzi Scolastika,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na moshi wa bani la kukaushia tumbaku uwe umekiacha kifua chako kipumue. Sisi huku wazima, isipokuwa mama mkwe anayelalamikia magoti. Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda kwenye simu. Nimemkabidhi konda wa basi la Kahama kwa sababu maneno haya nataka uyasome wewe peke yako.

Dada, kuolewa ni kutamu! Mlinificha kwa nini? Mihayo akiingia uani moyo wangu bado unaruka kama siku ya sendofu. Anatoka kwenye duara, lile shimo lao la dhahabu, akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, na mimi namwona mzuri kuliko alivyokuwa na suti ya harusi. Kuku akichinjwa, firigisi anapewa yeye kama baba wa nyumba, naye ananimegea chini ya meza mama yake akigeuka. Nikila naona haya na raha kwa pamoja.

Furaha kama hiyo nilishindwa kukaa nayo peke yangu, nikawa naiweka mtandaoni. Unamkumbuka Khushbu, binti wa Mzee Dilip mwenye duka la vitenge hapa mjini? Alinipa vitambaa nivae nipige picha, duka lipate wateja, kisha akanifundisha kusoma takwimu za kurasa. Simu inakuambia wangapi wametazama, wako mikoa gani, na ni sehemu ipi ya video wanayoirudia. Nikajua watu hutazama zaidi jioni wakishakula. Nikajua kitenge chekundu kinazidi cha bluu. Nikajua, na hili liliniuma kidogo, kwamba kicheko cha Mihayo kinapendwa kuliko sura yangu. Khushbu alinisisitizia nimjibu kila anayeandika chini ya video, maana majibu ndiyo yanayoisukuma mbele. Ikawa nikisonga ugali mkono mmoja, wa pili unafungua simu.

Siku moja nilimpelekea Mihayo chakula kule kwenye duara, ambalo liko shambani kwa baba mkwe, ng'ambo ya mihogo. Alitoka chini na mfuko wa mawe begani, akautua nyuma yake, nami nikamfuta uso kwa khanga yangu huku nikirekodi. Nikaandika kwamba huyu ndiye pumzi yangu. Dada, video ile ilipaa! Nilizoea kutazamwa na mashoga zetu wa shule na wateja wa Khushbu, sasa wakaja watu wa Chunya, wa Kakola, wa Maganzo. Takwimu zilionyesha wanarudia sehemu moja tu, tena na tena. Nilijua kabisa ni pale ninapomfuta paji la uso. Nikalia kwa furaha. Nikawaza, kumbe hata wanaume wa machimboni wana kiu ya mapenzi ya kweli.

Wengi waliuliza hapo ni wapi. Nikamjibu kila mmoja, na mioyo myekundu juu yake, kwamba ni kwetu, ukitoka Runzewe mjini unapita kanisa lenye paa la kijani, karibuni sana. Jioni ile Mihayo aliniomba kwa upole niifute. Nikamwambia aache aibu, dunia nzima inampenda.

Walikaribia kweli. Huku wanaiita rashi, watu wakisikia mahali pametema dhahabu wanavyomiminika. Pikipiki zilianza alfajiri, watu watatu watatu na sururu zao, na ilipofika jioni mihogo ya mama mkwe ilikuwa imelala chini yote. Yeye alisimama katikati akisema mayu, mayu, kama anayeita mama yake aliyekufa. Viongozi wa kijiji walikuja kugawa maeneo ili watu wasiuane, na duara la Mihayo likabaki kipande kidogo kama choo.

Kila mtu alijua mwenye kosa. Ni Sostenes, mwenzake Mihayo wa duarani, waliyecheza naye tangu wadogo. Wachimbaji wana mwiko wao: mawe yakianza kuonyesha rangi, hayasemwi wala hayaonyeshwi. Na Sostenes alikuwa ametoka Kahama juzi yake na simu mpya. Basi ikatosha. Wakasema ameuza siri. Alikana hadi sauti ikamkauka. Kisimani, Hosiana, mke wa Sostenes, akitua ndoo, wanawake wanakumbuka ghafla wameacha chungu jikoni. Nami, dada, nilikuwa mmoja wao. Niliondoka na ndoo yangu nusu.

Sungusungu wakatangaza mkutano wa kumfukuza kijijini.

Kabla ya siku hiyo, mchimbaji mmoja mgeni alikuja uani kuomba maji. Aliponiona alipiga kofi akacheka, akasema kumbe shemeji wa video ni wewe, ubarikiwe sana, umetuita wengi. Akanionyesha simu yake. Mimi hata sikuwamo! Alikuwa ameikuza picha mpaka mimi na khanga yangu na paji la uso la mume wangu tumetoka nje ya kioo. Yamebaki mawe nyuma ya bega la Mihayo, na mstari mwembamba wa njano unapita ndani yake. Akaniuliza kama nilidhani wanaume wazima wa Chunya wamepanda basi kuja kutazama mtu anapanguswa jasho.

Nilirudi kwenye takwimu zangu nikazisoma upya. Sehemu waliyokuwa wanairudia ilikuwa kabla sijainua khanga. Ni pale mfuko unapotuliwa na kufunguka.

Sasa dada, sogea karibu, hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nilimngoja Mihayo nikamwambia yote nikilia, nikitegemea anipige au anirudishe kwetu Ushetu. Hakushangaa. Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anazitazama video zangu zote akiwa duarani kabla hajashuka chini, ili anione, na aliyasoma majibu yangu na ile mioyo. Alinyamaza kwa sababu mimi ni bibi harusi mgeni, na neno kama hilo likinigandama halitabanduka mpaka nizeeke. Sostenes, alisema, ni mwanaume, atavumilia.

Sijawahi kupendwa hivyo. Na sijawahi kuogopa kupendwa kama siku ile. Nilimtazama mume wangu nikamwuliza siku mimi na yeye tukikosana, ni nani atakayeachwa avumilie kama Sostenes.

Mkutanoni nilikwenda. Unajua mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe, naye alikuwa amekaa mbele kwenye kigoda. Niliposimama watu wakaguna, mwingine akauliza kama bibi harusi amekosa jiko. Baba mkwe hakunifukuza. Aliinuka, akakigeuza kigoda chake, akakaa akiwa ametupa mgongo, anatazama barabara. Nikaelewa kwamba ananipa njia. Nikasema yote, nikawapitishia simu wajionee. Nilisema kosa langu tu. La Mihayo sikuligusa.

Sostenes ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema shemeji, ungeniambia unatangaza ningeoga, nami nionekane Chunya. Watu wakacheka, na Hosiana akacheka huku anafuta machozi. Kisha Sostenes akamgeukia Mihayo akamwuliza taratibu kama alijua. Mihayo angeweza kukataa, dada, mimi nisingemuumbua. Akasema ndiyo, nilijua. Sostenes akachukua kofia yake akaondoka.

Tumepigwa faini na tumeikubali. Mama mkwe ameninunia, ila jana alinipa mbegu za mihogo nipande naye, nami nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja mayu, asante mama. Khushbu ameshangaa kwa nini sionyeshi vitenge. Nimemwambia nitarudi, lakini nitasimama ukutani peke yangu.

Na Mihayo wangu, kila asubuhi kabla ya uji anakwenda kwa Sostenes kupiga hodi. Hosiana anasema mumewe husikia lakini hafungui mlango, na Mihayo hurudi akanywa uji ukiwa bado wa moto. Simtanii, nakaa naye tu. Bado nampenda mpaka nashindwa kumeza, ila sasa ninapomwona naona mtu wa kukosea kama mimi.

Leo ametoka kama kawaida. Nimeandika barua hii yote na hajarudi, na uji wake umeganda juu kabisa. Sijawahi kufurahi hivi kuona chakula kinapoa.

Wabusu watoto wote, mmoja mmoja, na mwambie shemeji nasubiri ile asali ya Ushetu aliyoniahidi. Mama umsalimie, lakini haya usimsomee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Loveness, mke wa Mihayo.