Mafuta ya Breki

Mlowo, Jumapili jioni

Kaka Ezron,

Sisi wazima, kahawa imeanza kuiva. Pikipiki yako ya mbio naiwasha kila Jumamosi ulivyoniagiza, na cheni naipaka oili. Jana Jumamosi nilichelewa msibani Vwawa. Niliporudi nikakuta injini ina joto. Baba, aliyekufukuza ulipouza shamba alilokupa ukanunua chuma hicho cha zamani, alikuwa analifuta tenki. Akasema aliogopa betri isije ikafa.

Kukutaja bado hataki. Ila leo ameniuliza mafuta ya breki hubadilishwa baada ya muda gani. Nikamjibu miaka miwili. Akahesabu kwa vidole tangu ulipoondoka, akasema, "Basi imepita."

Uje uyabadilishe mwenyewe, kaka. Mimi siyagusi.

Mdogo wako,
Tabita